Jukwaa la Fundi Kwenye Mteremko

Nyumba ya ghorofa ikijengwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kama Marangu au Kibosho, jukwaa la upande wa mlimani laweza kuwa na meta 4 na la upande wa bondeni meta 7. Mirunda, yaani nguzo za jukwaa, ni ileile ya mkaratusi, lakini hatari si moja. Sehemu ya nguzo isiyofungwa ikirefuka mara mbili, uwezo wake wa kubeba mzigo bila kupinda hushuka hadi robo. Tena udongo wa mlimani, penye mifongo (mifereji ya maji ya Wachaga) na mashamba, hulainika masika, Machi hadi Mei.

Kwa hiyo usalama huanzia chini. Kila mguu ukalie ubao mpana, juu ya sehemu iliyochimbwa ikawa sawa. Tofali lisiwekwe chini ya mguu: hupasuka ghafla.

Halafu mzigo. Jukwaa la kazi za kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 200 kwa kila meta ya mraba. Sehemu ya meta 2 kwa 1 itabeba kilo 400. Mafundi wawili na karai la udongo wa saruji huchukua karibu 200. Kilo zinazobaki zinatosha tofali 6 za inchi sita zenye kilo 30 kila moja. Saidia fundi akipanga 15 ili apumzike kupanda, amevuka kipimo.

Ukuta nao huchunguzwa. Aprili 27, 1978, huko Willow Island, Marekani, jukwaa lililoshikizwa kwenye zege la siku moja tu, lisilokomaa, liling'oka na kuua wafanyakazi 51. Saruji hukomaa polepole zaidi penye baridi, na usiku wa Machame, mlimani, una baridi kuliko wa Moshi mjini. Ukuta uliojengwa jana usibebeshwe jukwaa leo.

Kwa nyumba fupi, mirunda iliyonyooka, isiyo na ufa wala mchwa, inatosha. Jengo likipanda, bora kukodi mabomba ya chuma, yakafungwa kwa mishazari na kuwekewa uzio wa kiunoni.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri. Anayejenga kijijini akiwa Dar es Salaam aandike gharama ya jukwaa kwenye makisio kabla ya kupatana na fundi, na amtake mwenye ujuzi alikague kila baada ya mvua kubwa.