Ubuyu: soko la nje hununua vitamini C, si sifa

Katika masoko ya Mombasa, Tanga na Unguja, ubuyu hupimwa kwa macho na ulimi. Mnunuzi hutazama weupe wa unga, huonja ukali wake, kisha huanza kupatana bei. Mnunuzi wa Ulaya haonji. Kabla ya kutaja bei huomba cheti cha maabara, na hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa kanda hii hukwama, ingawa bidhaa yao ni nzuri.

Umoja wa Ulaya uliruhusu unga mkavu wa ubuyu kama kiambato cha chakula mwezi Juni 2008, baada ya maombi ya PhytoTrade Africa, chama cha wafanyabiashara wa mazao ya asili kusini mwa Afrika. Mwaka 2009 Marekani nayo haikuweka pingamizi. Ulaya iliuingiza ubuyu katika kundi la "vyakula vipya", jina ambalo wazee wa Dodoma na Kitui wangelicheka.

Je, ndani ya unga huo kuna nini? Tunda la mbuyu hukaukia ndani ya ganda lake likiwa bado mtini, hivyo halihitaji mashine ya kulikausha kama embe. Unga una pektini kwa wingi, asidi za sitriki, tatariki na maliki zinazoleta ule ukali, pamoja na vitamini C. Vipimo vilivyochapishwa huonyesha kati ya miligramu 150 na 500 za vitamini C kwa gramu 100. Chungwa lina takriban 50. Zimo pia polifenoli, hasa prosianidini. Vitamini C na polifenoli ndizo zinazoupa ubuyu uwezo wa antioksidanti, yaani uwezo wa kutuliza chembe kali za kemikali zinazoweza kudhuru seli.

Maabara hupima uwezo huo kwa njia kadhaa. Moja hutumia kemikali ya rangi ya zambarau iitwayo kwa kifupi DPPH, ambayo hugeuka manjano inapotulizwa. Kadiri rangi inavyofifia, ndivyo uwezo ulivyo mkubwa. Tatizo ni kwamba jibu hutegemea kimiminika kilichotumika kukamua sampuli na njia iliyochaguliwa, kwa hiyo takwimu za maabara mbili mara nyingi hazilinganishwi. Tena, kinachotokea ndani ya chupa si lazima kitokee mwilini. Kwa sababu hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa mwaka 2012 orodha yake ya viwango vya ORAC, kipimo kingine cha aina hiyo, baada ya kampuni kukitumia vibaya katika matangazo.

Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni namba 432 inayoorodhesha madai ya kiafya yanayoruhusiwa. Dai la jumla kwamba chakula "kina antioksidanti" halimo. Lililomo ni kwamba vitamini C huchangia kulinda seli dhidi ya madhara ya oksijeni, mradi chakula kiwe na angalau miligramu 12 kwa gramu 100. Ubuyu uliotunzwa vizuri huvuka kiwango hicho kwa mbali. Mfanyabiashara anayejisifu kwa antioksidanti anaacha hoja halali aliyo nayo na kushika ile inayoweza kuzuia bidhaa yake isiuzwe.

Lakini vitamini C haina subira. Joto, unyevu, mwanga, na hata kugusana na chuma au shaba huipunguza. Ganda likipasuka, unyevu huingia, ukungu hufuata, na unga huanza kuwa wa kahawia. Magunia yaliyolundikwa juu ya sakafu ya udongo msimu wa mvua hupoteza thamani hata kama uzito umeongezeka, na kwa anayeuza kwa kilo hilo linaweza kuonekana faida. Matunda mazima, ghala kavu lenye chaga, ungo safi na mifuko isiyopitisha hewa hulinda bei kuliko tangazo lolote. Ubuyu wa peremende unaopikwa kwa sukari na rangi una soko lake la watoto wa Pwani, ila usipelekwe maabara kwa matumaini.

Cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, lakini hicho huhusu wadudu na magonjwa tu. Kipimo cha vitamini C ni gharama nyingine, na vikundi vya wakusanyaji vinaweza kuchangiana kwa kupima shehena moja ya pamoja. Sampuli ichotwe katika magunia mengi, ya juu na ya chini, si lile jeupe kuliko yote, kwa kuwa mnunuzi huweza kupima tena mzigo ukifika, na bei ikashushwa kwa kipimo hicho cha pili.