Baridi Inayoangusha Chunjua

Daktari wa ngozi anapopuliza nitrojeni kimiminika juu ya chunjua, au kuigusa kwa kijiti chenye pamba, ngozi hubadilika rangi papo hapo: huwa nyeupe, ngumu, yenye ukungu juu yake. Mgonjwa husikia mwako, si baridi. Baada ya saa kadhaa panavimba, lengelenge hujitokeza, nyakati nyingine likiwa na damu ndani, kisha hukauka na kubanduka baada ya wiki moja au mbili.

Nitrojeni hiyo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Inapogusa ngozi, maji yaliyo nje ya seli huganda kwanza na kuvuta maji ya ndani. Kisha barafu hujitengeneza ndani kwa ndani na kuzichana seli, huku mishipa midogo ya damu ikiziba. Ngozi ikiachwa iyeyuke polepole, madhara huongezeka, na ili kuyazidisha madaktari wengine hugandisha mara mbili kwa mkupuo mmoja.

Ajabu ni kwamba kirusi chenyewe kinachosababisha chunjua, HPV, hakiuawi na baridi. Maabara huhifadhi virusi katika nitrojeni hiyohiyo. Kinachokufa ni seli zilizokihifadhi, na fujo hiyo huigutusha kinga ya mwili. Kwa sababu hiyo matibabu hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu.

Mbinu hii si mpya: James Arnott wa Uingereza aligandisha uvimbe kwa barafu na chumvi katika miaka ya 1840. Mwaka 1899, Campbell White wa New York alitibu chunjua kwa hewa iliyogeuzwa kimiminika. Nitrojeni ilifuata mwaka 1950, mikononi mwa Herman Allington.

Je, tiba hii inafaa kiasi gani? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa baada ya wiki 13, asilimia 49 ya waliogandishwa chunjua za kawaida walipona, dhidi ya asilimia 15 ya waliopakwa asidi ya salisiliki na 8 ya walioachwa bila dawa. Lakini kwa chunjua za nyayoni, zilizojificha chini ya ngozi ngumu, tofauti ya maana haikuonekana. Watoto wengi hupona wenyewe ndani ya miaka miwili, na kumgandisha mtoto anayelia kwa kitu kitakachoondoka chenyewe si busara.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo zito zaidi. Seli zinazotengeneza rangi huanza kufa kwenye nyuzi 4 hadi 7 tu chini ya sifuri, wakati seli nyingine za ngozi huhitaji baridi ya nyuzi 20 au zaidi. Chunjua huweza kuondoka na kuacha baka jeupe la miezi mingi, wakati mwingine la kudumu. Vile vipele vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni mwa watu wazima wengi wa Afrika havina madhara, na kwa kuogopa mabaka hayo wataalamu wengi hupendelea kuvikata kwa mkasi mdogo au kuvichoma kwa umeme hafifu kuliko kuvigandisha.

Basi kabla ya kukubali kugandishwa usoni, muulize daktari kama ana hakika hiyo ni chunjua, atagandisha kwa sekunde ngapi, na kama anaweza kujaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Na kidoa kinachobadilika rangi, kinachopanuka au kutoa damu, kichunguzwe kwanza. Kisigandishwe kabla ya kujulikana ni nini.