Faida ya kutozungusha ua mashambani Kitengela

MFUGAJI wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, anayeuza shamba lake hupokea kitita cha pesa kwa siku moja. Akiliacha wazi ili nyumbu wapite, malipo aliyoahidiwa mwaka wa 2000 yalikuwa takriban Sh300 kwa ekari kila mwaka. Kwa nini basi asiuze?

Jibu linaanzia katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mbuga hiyo, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ina kilomita mraba 117 pekee na imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, ndio ulioachwa wazi. Mvua inaponyesha, nyumbu na pundamilia hutoka kwenda kula nyasi fupi na kuzaa katika nyanda hizo, ambazo ni mali ya watu binafsi. Kiangazi kikianza, hurejea mbugani kufuata maji.

Mpango wa kukodi ardhi ulioanzishwa mwaka huo wa 2000 ulimtaka mwenye shamba asiliuze, asiligawanye, asichimbe mawe wala kuzungusha seng'enge. Aliruhusiwa kuendelea kulisha mifugo wake. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Pengine ratiba hiyo ilikuwa na busara kuliko kiasi chenyewe, kwani karo ndiyo huwasukuma wazazi wengi kuuza ardhi. Udhaifu wa mpango ulikuwa kutegemea wafadhili, ilhali ploti ikishauzwa na kujengwa hairudi kuwa malisho.

Hata hivyo, kodi si faida pekee. Mvua katika nyanda hizi hunyesha kwa mafungu: huku nyasi zikiota, kule ni vumbi tupu. Ng'ombe aliyefungiwa katika ekari 20 hula hadi mizizi, na udongo ulioachwa uchi hupoteza maji upesi. Palipo wazi, majirani huhamisha mifugo kwa zamu na nyasi hupata nafasi ya kuchipuka. Ukame uliokithiri mwaka wa 2022, baada ya misimu kadhaa ya mvua kukosekana, uliua mifugo wengi nchini, na serikali ikaripoti vifo vya nyumbu 512 kati ya Februari na Oktoba.

Ua unaofaa ni ule wa boma, usiku. Richard Turere, aliyekulia kando ya mbuga hiyo, alibuni akiwa mvulana taa za kumetameta ambazo huwatisha simba wasivamie zizi. Malisho yenyewe yakabaki wazi.

Ugumu ni kwamba mmoja hawezi peke yake. Seng'enge ya jirani mmoja huziba njia iliyoachwa na wenzake kumi. Nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu miaka ya 1970. Kufikia mwaka wa 2011, waliokuwa wakifika mbugani walikuwa mamia tu.