Dawadawa, Kiungo cha Afrika ya Magharibi

Wengi wetu tukisikia neno viungo hufikiri mara moja habari za karafuu, hiliki na mdalasini. Mimi nataka kuwaeleza wasomaji habari za kiungo ambacho hakinukii hata kidogo, bali chanuka. Na juu ya hayo hupendwa na mamilioni ya watu. Wahausa hukiita dawadawa (msomaji asidhani kuwa ni dawa ya tumbo), Wayoruba hukiita iru, na watu wa Mali na Burkina Faso hukiita sumbala.

Hutokana na mbegu za mti mkubwa ambao wataalamu huuita Parkia biglobosa. Jina la Parkia lilitolewa na Robert Brown mwaka 1826 kwa kumkumbuka Mungo Park, yule msafiri wa mto Niger. Ndani ya maganda yake marefu mna unga wa manjano, mtamu, ambao watoto huupenda sana, na mbegu ngumu kama changarawe.

Kazi ya kuzitengeneza ni ya wanawake, nayo si ndogo. Mbegu huchemshwa mchana kutwa, pengine na usiku kucha, kisha hutwangwa ili ngozi zitoke, huoshwa, na kuchemshwa tena. Ndipo hutiwa kibuyuni au kikapuni, hufunikwa zisipoe, na kuachwa siku 2 au 3. Bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, huzivunja protini za mbegu, na hapo huzaliwa ladha pamoja na ile harufu. Mtu wa pwani aliyezoea papa mkavu hatakimbia, lakini mgeni mwingine atafungua madirisha yote.

Mpishi humega donge dogo, akaliponda, akalitia katika mchuzi wa bamia au wa majani ya mbuyu unaochemka. Mchuzi hupata ladha kama ya nyama hata ikiwa nyama haimo, nami naona hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa nyumba isiyo na fedha.

Siku hizi vidonge vya mchuzi vya viwandani, vyenye chumvi nyingi, vimejaa madukani, na kuni za kuchemshia kutwa nzima hazipatikani kwa urahisi. Tena miti mingi imezeeka, na miche haipati nafasi ya kukua katika mashamba yanayolimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Basi wanawake wengine hutumia soya kwa njia ile ile, ingawa walaji wengi husema kuwa ya mti ndiyo dawadawa hasa.