Guta, Kirikuu au Pikipiki ya Miguu Minne?



Katika mikutano yetu limezuka mara nyingi swali ambalo halijapata jawabu: je, chama kinunue chombo cha injini cha kuchukulia karafuu kutoka mashambani, au tuendelee na vichwa vya watu na gari za ng'ombe? Msimu uliopita swali hilo lilikuja kwa ukali zaidi. Wachukuzi walikuwa haba, mvua ilikuwa nyingi, na karafuu mbichi za wenzetu kadha wa kadha zililala ndani ya mapolo siku mbili bila ya kufika majamvini. Zilipoanikwa zilitoka nyeupe-nyeupe, nyepesi, zimekunjamana. Hapana haja ya kumweleza mkulima wa karafuu bei ya mzigo kama huo.

Basi tulitumwa watu watatu kwenda Dar es Salaam, tukaangalie kwa macho yetu wenyewe vyombo vinavyosifiwa. Tuliambiwa twende Gerezani, nasi tukaenda.

Gerezani iko ubavuni mwa Kariakoo, na mtu akishuka kituoni kwenye mabasi ya mwendo kasi amekwisha fika. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale zama za Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo sisi si watu wa kwanza kwenda kutafuta mchukuzi mahali hapo. Huko kuna maduka ya vipuri yamepangana kama meno, mafundi wa kuchomea vyuma mpaka ukingoni mwa njia, na kelele za nyundo tangu asubuhi. Kitu kisichopatikana Gerezani hutengenezwa Gerezani. Tahadhari yetu ya kwanza ndiyo hiyo: uliza kila mara kipi kilichotoka kiwandani na kipi kilichotoka chini ya nyundo.

Tuanze na kile kilichotutia tamaa kuliko vyote, yaani pikipiki kubwa ya miguu minne. Wengi wetu tumeziona Unguja, upande wa Nungwi, zikipakia watalii. Ina injini yenye nguvu, magurudumu mapana laini yasiyozama upesi katika tope, na katika zile kubwa injini huzungusha magurudumu yote manne. Kwa mtu aliyezoea vilima vya Pemba na udongo wake wa mfinyanzi wakati wa mvua, kuiona tu ni kama kuona maji jangwani. Tuliikuta moja, nayo ilikwisha tumika. Mmoja wetu alipanda juu yake na hakutaka kushuka.

Lakini hesabu ndiyo hesabu. Vyombo vingi vya namna hii huandikwa na watengenezaji wake kwamba vichukue kiasi cha kilo 40 mbele na kilo 80 hivi nyuma. Jumla kilo 120. Karafuu mbichi zikikauka hubaki karibu thuluthi ya uzito wake. Basi safari moja ya chombo chenye bei ya gari itakuletea kilo 40 za karafuu kavu, yaani polo lisilojaa. Tela laweza kufungwa nyuma, na hapo mzigo huongezeka kweli, ila anayejua mteremko wenye utelezi atajiuliza ni nani atakayelizuia tela lisimsukume dereva mpaka bondeni.

Liko na jambo zito zaidi. Australia, ambako wakulima wametumia pikipiki hizi kwa miaka mingi, watu wengi wamekufa kwa kupinduka nazo na kulaliwa. Tangu tarehe 11 Oktoba 2021 sheria ya huko imekataza kuuza mpya ya kazi za shamba isiyokuwa na chuma cha kumkinga dereva inapopinduka, na watengenezaji wakubwa kama Honda na Yamaha wakaacha kuziuza katika nchi hiyo. Pikipiki hii imetengenezwa kwa dereva mmoja, ambaye hana budi kuinama huku na huku kwa mwili wake ili isilale. Nasi twawajua vijana wetu. Jioni, baada ya kuchuma, wangeipanda watano, na mtoto mbele. Twaomba kila mzazi alifikiri jambo hili kabla ya kusema chama kina ubakhili.

Tena vipuri. Mkanda wake ukikatika katikati ya msimu hutaupata Chake Chake, na Gerezani penyewe tuliambiwa tuagize na tungoje. Karafuu hazingoji. Mwenzetu yule bado anaisifu, nasi tumekubali kumwacha aisifu.

Cha pili ni guta la injini, ambalo wengine huliita Toyo. Zamani guta lilikuwa baisikeli ya magurudumu matatu yenye bodi ya kupakia, na hata leo zipo Kariakoo, zinasukumwa kwa miguu na watu wenye vifua vya chuma. Hili la injini ni pikipiki kwa mbele na kigari kwa nyuma. Bei yake ni ndogo kuliko vyote vitatu. Injini yake ni jamaa ya injini za bodaboda, na fundi yeyote wa pikipiki kwetu ataifungua bila ya kuogopa. Sifa hiyo ni kubwa, wala hatutaki kuipunguza.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu na maneno mengi. "Hili, mzee wangu, linabeba tani nzima."

"Tani nzima juu ya lami, mwanangu, au juu ya mlima?" tulimwuliza.

Akacheka, akasema Gerezani hakuna mlima. Kwa hakika hakuna. Tulimwomba apakie mifuko sita ya mchanga na kupanda mahali palipoinuka kidogo nyuma ya karakana. Guta lilipanda, lakini gurudumu la mbele lilikuwa jepesi mno, likawa linagusa ardhi na kuiacha, na usukani ukawa haumsikilizi dereva. Sababu yake si ubovu wa chombo kile. Mzigo wote umekaa nyuma, na mlimani uzito huzidi kurudi nyuma. Nguvu nayo iko katika magurudumu ya nyuma peke yake. Kwenye tope yakiteleza hayo mawili, la mbele halina la kusaidia. Mafundi wa pale walikuwa tayari kuongeza springi na kuinua mbao za bodi ili lichukue zaidi. Tuliwashukuru tukakataa, maana bodi ikiinuliwa mzigo huwa juu, na mzigo ulio juu ndio uangushao.

Tena zitazameni njia zetu za mashamba. Gari zimechimba mifereji miwili, na katikati pamebaki tuta lenye majani na mawe. Chombo cha magurudumu manne hupita katika mifereji yake. Guta hupitisha miguu ya nyuma mferejini na wa mbele juu ya tuta, siku nzima, na mikono ya dereva ndiyo inayolipa.

Cha tatu hatukukiendea, tulikikuta tu kinashusha mzigo mbele yetu: kile kigari kidogo cha Kijapani ambacho watu wa Dar es Salaam wamekiita kirikuu. Injini yake ni ya 660, na kwa sheria ya Japani hupakia kilo 350. Baadhi yake huzungusha magurudumu yote manne. Dereva yumo ndani, hanyeshewi, na chombo kikilala ubavu kuna chuma kati yake na ardhi. Ubaya wake ni kwamba vingi vyafika vimekwisha tumika, vina kutu chini, na upana wake haupiti katika kila kichochoro cha mikarafuu.

Bei hatukuziandika hapa kwa makusudi. Zilibadilika mara mbili tulipokuwa pale pale, asubuhi na jioni. Atakayekwenda na aulize maduka matatu, kisha aulize ofisi za mapato na za usajili kabla ya kutoa hata shilingi moja, kwa kuwa namba za T za Bara si namba za Z za Zanzibar. Mwenzetu mmoja alinunua kwanza akauliza baadaye, na chombo chake kikakaa bandarini mpaka nusu ya msimu ikapita.

Rai yetu ni hii. Pikipiki ya miguu minne tuiache. Guta linafaa kwa wenzetu wa nchi tambarare na kwa karafuu kavu za kupeleka kituoni kwa njia ya lami, wala si kwa kupandisha karafuu mbichi kutoka mabondeni. Kwa vilima, kirikuu kimoja chenye nguvu miguu yote, cha ushirika wa majirani, ndicho tulichokiona bora. Na asikope mtu kwa ahadi ya karafuu zilizo mtini. Wazee wetu walifanya hivyo, na kufika miaka ya 1930 mashamba mengi yalikuwa rehani.

Hatukukubaliana katika jambo moja. Mmoja wetu asema kwamba sehemu ya fedha hiyo ingetumika kwanza kumwaga kokoto katika milima mibaya na kuwalipa kazi hiyo wachukuzi wenyewe, ambao chombo kitawapunguzia ujira. Wawili twaona msimu u karibu mno. Mkutano ndio utakaoamua.

Kila anayetaka kuingia katika ushirika na aje na habari mbili: upana wa njia yake pale palipo pembamba kuliko pote, umepimwa kwa kamba na si kwa macho, na idadi ya mapolo ya karafuu mbichi aliyoyatoa shambani siku yake kubwa ya msimu uliopita.