MCHEZA KWAO HUTUNZWA
Neno kwa vyama vya huduma na vijana wasanii wa Kebirigo

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Watu hulitamka neno hili kila siku, lakini ni wachache wakumbukao maana yake. Kutunza, katika methali hii, si kupiga makofi wala kusifu kwa maneno matupu. Ni kumpa mchezaji kitu mkononi mbele ya watu, iwe fedha au nguo au zawadi nyingine, ili ajue kwamba jasho lake limeonekana. Methali hii yawafaa sana wanachama wa vyama vya huduma, na hasa katika mji mdogo kama Kebirigo.

Kebirigo ni mji wa soko katika Kaunti ya Nyamira, kando ya barabara itokayo Kisii na Nyamira kuelekea upande wa Kericho. Vilima vyake vimevikwa chai na migomba, na kiwanda cha chai chaitwa kwa jina la mji. Mpita njia huona wachumaji na vikapu vyao, akadhani kwamba kazi ya watu wa huko ni shamba tu. Sivyo. Nchi ya Abagusii, ambao wengi huwaita Wakisii, ni nchi ya mafundi tangu zamani. Kwao ndiko kunakopigwa obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito ya kunguruma. Kwao ndiko kunakosukwa vikapu vya kuwekea ugali wa wimbi, na ndiko kunakochongwa mawe laini yajulikanayo ulimwenguni kote kwa jina la Kisii.

Kusaidiana nako si jambo geni kwao. Zamani mtu mwenye shamba lililomshinda aliwaita majirani, nao walikuja na majembe wakalima pamoja. Kazi ya namna hiyo iliitwa risaga. Mwenye shamba alipika chakula na pombe, na zamu ya jirani ilipofika, yeye naye alikwenda. Hakuna aliyelimishwa kutwa kisha akarudishwa nyumbani kwa asante peke yake.

Vyama vya huduma vya siku hizi vina asili nyingine, ila nia yake ni karibu na hiyo. Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, na wakili aitwaye Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Walipata jina hilo kwa sababu walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1930. Lions nacho kilizaliwa Chicago, mwaka 1917. Baadaye Rotary ilifungua milango kwa vijana: Interact mwaka 1962 na Rotaract mwaka 1968. Wanachama hufanya kazi zao za kila siku, kisha hutoa sehemu ya muda na mali zao kwa ajili ya jamii. Hupanda miti, huleta madaktari wa kupima watu bure, na huwalipia karo watoto wasiojiweza.

Yafaa kutazama ni kazi gani ya vyama hivyo iliyozaa matunda makubwa. Rotary iliingia vita dhidi ya ugonjwa wa polio huko Ufilipino mwaka 1979, na mwaka 1985 ikaieneza kazi hiyo ulimwenguni. Haikuwa kazi ya siku moja yenye turubai na hotuba. Matone yalitolewa mwaka baada ya mwaka, kijiji kwa kijiji, mpaka mwezi Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilipotangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Mtu aliyeiona siku ya chanjo aliona sehemu ndogo tu. Kilichoushinda ugonjwa ni kurudi tena na tena.

Basi saburi hiyo hiyo haionekani mara nyingi vijana wasanii wanaposaidiwa. Chama kikiandaa sherehe, huwaita waimbaji, wachezaji ngoma na wachoraji waje kuipamba. Vijana hutoka kwao alfajiri na kungoja juani hadi mgeni wa heshima afike. Hutumbuiza kwa dakika kumi, hupigiwa makofi, hupewa soda, kisha jioni hutafuta nauli yao wenyewe. Mwenye turubai amelipwa, mwenye viti amelipwa, na mpishi amelipwa. Aliyewafanya watu wacheke na kulia ndiye pekee aliyeambiwa kwamba amejitolea. Wanarotary wana desturi ya kujiuliza maswali manne kabla ya kutenda neno, na mojawapo ni kama neno hilo ni la haki kwa wote wahusikao. Swali hilo lafaa kuulizwa hapo pia, na chama cho chote, hata kisicho cha Rotary.

Kwa habari ya msaada ufaao, hakuna haja ya kwenda mbali. Huko Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii, jiwe huchimbwa ardhini kwa nguvu za mikono, wachongaji hulitia umbo kwa panga, patasi na kisu, na wanawake hulisugua kwa maji na msasa hata ling'ae. Wenye kufanya kazi hiyo yote walizoea kupata fedha kidogo, na mchuuzi wa katikati akapata nyingi. Ndiyo sababu mafundi waliungana. Kundi la Smolart, lililoanzishwa mwaka 1990, huuza kazi za wanachama wake ng'ambo kwa kanuni za biashara ya haki. Hapo fundi hakuombewa huruma. Alipatiwa mnunuzi mwaminifu.

Mfano mwingine ni Elkana Ong'esa. Aliujua uchongaji nyumbani kwao kabla ya kusoma Chuo Kikuu cha Makerere. Ndege wa Amani aliyemchonga yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kipawa kilikuwa chake, lakini kilipata mwalimu nyumbani na mwalimu chuoni.

Kutokana na mifano hiyo, chama kitakacho kuwasaidia vijana wa Kebirigo chaweza kushika mambo matatu. La kwanza ni mwalimu. Wazee wapigao obokano hawatadumu milele, na mzee akifa na ujuzi wake, hakuna fedha ziwezazo kuurudisha. Afadhali alipwe leo awafundishe vijana wawili au watatu kila Jumamosi. La pili ni vyombo, yaani ngozi na nyuzi, rangi na brashi, patasi na msasa. La tatu ni mnunuzi: sherehe ya chama iwe pia soko, kazi za vijana ziwekwe bei, na watumbuizaji waandikwe katika hesabu za matumizi kama aandikwavyo mwenye viti.

Wako watakaosema kwamba zahanati haina dawa, nyimbo zingoje. Neno hilo lina uzito, wala hapana mtu mwenye akili awezaye kulidharau. Lakini kijana alipwaye kwa ufundi wake hununua dawa ya mama yake mwenyewe, tena humlipia mdogo wake karo. Wazazi nao, waliozoea kuuona usanii kuwa uzembe, huacha kumkemea mtoto siku ile aletapo unga nyumbani.

Kwa hiyo chama kitakapokaa kuandaa sherehe yake ijayo, kabla ya kuchagua mgeni wa heshima, kiulize kwanza: vijana watakaotutumbuiza watakwenda nyumbani na nini? Jibu likipatikana, na likaandikwa katika hesabu, ndipo methali ya wahenga itakapokuwa imetimizwa.