MKAGUZI HAULIZI UMRI: PIKIPIKI KUUKUU NA UKAGUZI WA KILA MWAKA

Mkulima mwenye pikipiki ya miaka kumi na mitano au ishirini huisikia kauli moja kila mara kwa jirani zake: "Mashine hiyo imezeeka. Siku utakapoipeleka kwa mkaguzi, utarudi kwa miguu." Watu wengi hudhani ya kwamba umri wenyewe ndio unaoiangusha pikipiki mbele ya mkaguzi. Je, ni kweli? Yafaa tulijue jambo hili vizuri. Mkulima anayepeleka maziwa yake kiwandani kwa pikipiki hawezi kununua nyingine kwa sababu ya maneno ya jirani tu. Wala haifai apande mashine itakayomwua kwenye mteremko.

Fikiri jinsi maziwa yanavyopokelewa kiwandani. Mpimaji hutia kipimo chake katika mkebe wako. Hakuulizi ng'ombe amezaa mara ngapi, wala ulimnunua kwa shilingi ngapi. Hutazama maziwa. Yakiwa yametiwa maji huyakataa, hata kama yametoka kwa mtamba aliyezaa juzi. Yakiwa mazuri huyapokea, hata kama ng'ombe ni mzee mwenye pembe iliyovunjika. Mkaguzi wa pikipiki naye hufanya vivyo hivyo.

MFANO WA UINGEREZA

Nchi moja yenye mazoea ya miaka mingi katika kazi hii ni Uingereza. Ukaguzi wa kila mwaka ulianza huko mwaka 1960, wakati Ernest Marples alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Mwanzoni ulihusu vyombo vilivyopita umri wa miaka kumi tu, na mambo yaliyotazamwa yalikuwa matatu: breki, taa na usukani. Vyombo vingi mno vilikutwa vibovu. Kwa hiyo mwaka 1961 umri uliteremshwa ukawa miaka saba, na mwaka 1967 ukawa miaka mitatu. Mwaka 1968 matairi nayo yaliongezwa katika ukaguzi.

Hesabu za serikali ya nchi hiyo za miaka ya karibuni zaonyesha jambo la kutia moyo. Pikipiki zinazokataliwa mara ya kwanza ni chache kuliko moja katika kila tano. Magari madogo yanayokataliwa ni kadiri ya matatu katika kila kumi. Basi pikipiki hupita vizuri kuliko gari.

Na zile kuukuu je? Mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliviondolea lazima ya ukaguzi vyombo vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1960. Ilitoa sababu kwa hesabu: katika mwaka 2009, vyombo hivyo vikongwe vilivyokataliwa mara ya kwanza havikufika 10 katika kila 100, lakini vile vilivyotengenezwa baadaye vilizidi 30 katika kila 100. Tangu Mei 2018 ruhusa hiyo imepewa vyombo vilivyopita miaka 40, mradi havikugeuzwa sana umbo na mitambo yake. Hata hivyo mwenyewe hakuondolewa wajibu wa kukiweka chombo chake katika hali ya usalama.

Msomaji asikimbilie kufurahi. Kuna sababu ya vikongwe hao kupita. Wenyewe huviweka ndani, huvipangusa, hutia mafuta, na theluthi mbili yavyo vilikuwa havitembei hata maili 500 kwa mwaka, yaani kilomita 800 hivi. Mkulima ambaye kiwanda chake kiko kilomita 13 kutoka nyumbani huumaliza mwendo huo kwa mwezi mmoja, tena juu ya mawe na matope, na mikebe ikining'inia nyuma. Kwa hiyo fundisho ni hili: si miaka inayoiangusha pikipiki. Kinachoiangusha ni kazi nyingi isiyofuatwa na matunzo.

MKAGUZI HUTAZAMA NINI

Mkaguzi wa Uingereza hafungui kitu. Hatoi gurudumu, wala hatazami ndani ya injini au gia. Pikipiki yenye injini iliyochoka yaweza kupita, na yenye injini kali yaweza kukataliwa. Anachotaka kujua ni mambo machache: Je, itaonekana? Je, itasimama? Je, itafuata njia? Je, kuna kitu kitakachovunjika?

Tena huipima kila pikipiki kwa masharti ya wakati wake. Kwa mfano, pikipiki iliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1986 hailazimishwi kuwa na zile taa za kuonyesha upande unaogeukia. Lakini breki mbovu haisamehewi kwa sababu ya uzee.

Makosa yanayoonekana zaidi kuliko yote ni ya taa. Hili lashangaza, maana balbu ni kitu cha bei ndogo. Sababu ni mtikisiko wa injini, ambao hukata uzi ulio ndani ya balbu, na kutu, ambayo huingia mahali waya unapofungwa kwenye chuma. Nyuma ya taa huja breki, usukani na matairi.

MAMBO YA KUJARIBU NYUMBANI

Mambo mengi anayotazama mkaguzi waweza kuyatazama mwenyewe kwa nusu saa, bila chombo cha ghali. Zima injini na usimamishe pikipiki mahali palipo sawa.

1. Taa na honi. Washa taa ya mbele, kubwa na ndogo. Bonyeza breki ya mkono, kisha ya mguu, na mtoto atazame kama taa ya nyuma yawaka. Taa ikiwaka na kuzimika ukiigonga kidogo, huenda balbu haina kosa: tafuta waya uliolegea, ukwangue kutu na kuufunga tena.

2. Breki. Tazama kebo yake kuanzia mkononi hadi kwenye gurudumu. Uzi mmoja ukikatika, badili kebo yote. Usingoje wa pili. Breki ikibanwa mpaka mwisho na gurudumu bado lazunguka, huenda shuu zimekwisha au zimelowa mafuta. Shuu zilizolowa mafuta haziponi kwa kuanikwa juani. Weka mpya, kisha tafuta mafuta hayo yanatoka wapi. Uingereza hutaka breki moja iwe na nguvu isiyopungua 30 katika 100 ya uzito wa pikipiki pamoja na mpandaji, na ile ya pili isiyopungua 25. Mkulima hana mashine ya kupimia, lakini asiache kujaribu kila breki peke yake, polepole, mahali pasipo na watu.

3. Usukani. Inua gurudumu la mbele kwa kuweka kigogo chini ya injini. Zungusha usukani taratibu toka upande huu hadi upande huu. Ukisikia kama unaingia katika kishimo katikati, beringi za shingo zimeliwa. Kisha shika miguu miwili inayobeba gurudumu, uivute na kuisukuma. Ikicheza, beringi zimelegea. Pikipiki ya namna hiyo huyumba inapobeba mzigo, na mpandaji hulaumu barabara.

4. Magurudumu. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti ya debe. Spoki moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo huvunjika kwa zamu. Halafu shika gurudumu la nyuma, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, mwite fundi.

5. Matairi. Pikipiki zinazozidi nguvu ya sisi 50 hutakiwa huko kuwa na meno ya tairi yenye kina kisichopungua milimita 1, katika robo tatu ya upana wake, mzunguko mzima. Kwa mashine kuukuu usitazame meno tu. Tairi lililokaa muda mrefu juani hupasuka ubavuni hata kama meno yake ni marefu. Likionyesha nyuzi, halifai tena.

6. Mnyororo. Uvute kwa nyuma, pale unapozunguka gurudumu la meno. Ukiinuka mpaka nusu ya jino ikaonekana, umekwisha. Badili mnyororo pamoja na magurudumu yake ya meno, maana mnyororo mpya juu ya meno ya zamani huliwa upesi. Wala usisafishe mnyororo injini ikiwa inanguruma. Hivyo ndivyo watu wanavyokatwa vidole.

CHETI NI CHA SIKU MOJA

Sasa twafika kwenye jambo kubwa. Pikipiki ikipita, cheti husema ya kwamba siku ile ilikuwa nzuri. Hakisemi lolote juu ya mwezi ujao. Mkulima humpeleka ng'ombe kwenye dipu tena na tena, maana kupe hawangoji mwaka uishe. Kutu na kulegea kwa nati nako hakungoji.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mkulima, kwa sababu ya mzigo. Lita moja ya maziwa ina uzito uliozidi kilo moja kidogo. Mwenye kubeba lita 40 amebeba zaidi ya kilo 41, mbali na mikebe yenyewe. Mkaguzi alipoijaribu breki, mikebe hiyo haikuwapo. Breki iliyopita kwa shida siku ya ukaguzi, pikipiki ikiwa tupu, itashindwa kwenye mteremko wa asubuhi, umande ukiwa barabarani na mikebe ikisukuma kutoka nyuma. Maziwa yatamwagika, na hiyo ndiyo hasara iliyo ndogo.

Kwa hiyo mkaguzi akiipitisha pikipiki lakini akakuonya ya kwamba kitu fulani kinakaribia kwisha, usikiweke cheti mfukoni na kulisahau onyo. Onyo hilo lina thamani kuliko cheti. Litie katika bajeti yako kama unavyotia mbolea na dawa ya dipu.

HAPA KENYA

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haingoji siku ya ukaguzi. Yataka chombo kilicho barabarani kiwe wakati wote katika hali isiyohatarisha watu. Yataka pia mpandaji wa pikipiki avae kofia ya kukinga kichwa na koti la kung'aa, wala asichukue abiria zaidi ya mmoja. Mambo ya ukaguzi husimamiwa na mamlaka ya usalama barabarani, yaani NTSA, na huko ndiko mkulima aulize masharti ya aina ya chombo chake. Lakini asiyekuwa na siku ya kuitwa kwa mkaguzi asidhani amesamehewa. Mteremko humkagua kila siku.

Tungependa kushauri hivi. Chagua siku moja kila mwezi, kwa mfano siku ile unayopokea malipo ya maziwa. Yapitie yale mambo sita. Andika katika daftari la shamba ulichokiona na ulichokitengeneza, pamoja na tarehe. Tenga fedha kidogo kwa balbu, kebo na shuu za breki, uziweke nyumbani kabla hazijahitajika. Ukinunua pikipiki iliyotumika, usiulize ni ya mwaka gani tu. Muulize anayeiuza alibadili nini na lini. Asiyeweza kujibu hajui anachouza.

Jirani yako akisema tena ya kwamba mashine yako imezeeka, mwonyeshe daftari. Kisha mwulize lini mara ya mwisho aliitazama kebo ya breki ya pikipiki yake mpya.